Mlango wa Kijani wa Lori la Mzee Shomari

Mpaka leo nikishika mlango wa gari, gari lolote, huwa nasita kidogo. Wajukuu zangu wanadhani ni uzee. Wananifungulia, wananishika mkono na kuniingiza ndani, nami nawaacha wadhani hivyo kwa sababu maelezo ni marefu na wao wana haraka. Ninyi vijana wa karakana mmeniomba niwaeleze jinsi ya kushughulika na maboksi ya mifano yanayofika yakiwa na vipande pungufu au vibovu, na mmeniapia kwamba hamna haraka. Basi kaeni. Nitawapa ninayoyajua, halafu nitawasimulia kazi moja ambayo sikuielewa tangu siku ya kwanza, na ambayo kusema kweli bado inanichanganya.

Kwa asiyenifahamu, mimi ni Tulizo Mgaya, wengi wananiita Fundi Tuli. Nilifanya kazi kwenye chuo cha ufundi hapa Njombe tangu nikiwa binti mpaka nilipostaafu, katika chumba cha vifaa vya kufundishia. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha mifano: malori madogo, madaraja, injini, nyumba zilizoachwa wazi upande mmoja ili mbao za paa zionekane. Vyote vilikuja kutoka ng'ambo ndani ya maboksi, vipande vya plastiki vimeshikamana kwenye fremu zake, na karatasi ya michoro juu. Wanafunzi wa magari walijifunza kwenye malori yangu kabla ya kuruhusiwa kugusa lori la kweli. Mtaani hawakuelewa hata kidogo. Mama yangu mzazi alifariki akiamini kwamba nimeajiriwa kuchezea midoli, na aliniombea kanisani nipate kazi ya maana.

Msikate kipande hata kimoja kwenye fremu kabla hamjalinganisha vyote na karatasi. Najua mikono inawasha. Boksi lifunguliwe juu ya sinia, sinia liwe juu ya kitambaa cheupe, na mlango wa chumba ufungwe, maana upepo wa Njombe hauna adabu. Nusu ya vipande tulivyovililia kwamba havikuja tulivikuta chini ya kabati, na vingine kwenye pindo la sketi yangu. Kipande mlichokipoteza wenyewe msimsingizie aliyefunga boksi.

Aliyenifundisha haya ni Mama Tweve, Mkinga wa Makete, mwembamba, sweta moja la buluu mwaka mzima. Alikuwa na debe chini ya meza. Kipande chochote kilichobaki baada ya mfano kukamilika alikiita yatima, na kila yatima aliingia debeni, lakini si kabla ya kuhojiwa. "Huyu katoka wapi?" aliniuliza kila mara. Nikisema sijui, alinijibu, "Basi kazi hujamaliza, Tuli," na kunirudishia mfano ambao mimi niliuona umesimama vizuri kabisa. Nilimchukia kwa hilo. Mfano unasimama, magurudumu yanazunguka, rangi imekauka, halafu mtu mzima anakukalisha saa nzima kwa ajili ya kindoano kisichozidi punje ya mtama. Na mara nyingi kile kindoano kilikuwa na kwao kweli, mahali palepale ambapo nilikuwa nimepaka gundi kufunika shimo.

Kuhusu kutengeneza kipande kinachokosekana, kosa lenu la kwanza litakuwa la plastiki. Mtaona beseni bovu la rangi inayofanana na mfano wenu, mtalikatakata, mtabandika, na kesho yake kipande kitakuwa kimedondoka. Plastiki ya beseni na ndoo haishiki gundi ya mifano, hata mkeshe mkiipaka. Tafuteni kikopo cha mtindi. Plastiki yake ni nyembamba, nyeupe, inakatika kwa wembe, na gundi inaikubali. Njombe mtindi haujawahi kuwa shida, na mimi nimekula mtindi mwingi kuliko ninavyoupenda kwa ajili ya ofisi. Mabaki ya fremu msitupe. Yakatekateni, yalowekeni kwenye thina ndani ya chupa ya kioo, yatalainika yawe uji mzito. Uji huo ndio puti yenu, unaziba nyufa na ukikauka unapigwa msasa. Ila msisogeze chupa hiyo karibu na jiko. Mwezi wa saba, baridi ikikolea na gundi ikigoma kukauka, shetani atawashauri mlete jiko la mkaa mezani. Alinishauri na mimi. Nyusi zilirudi, lakini ya kushoto haikurudi sawasawa, tazameni wenyewe.

Kosa la pili ni la kulia na kushoto. Niliwahi kukosa mlango mmoja wa lori, nikajiona mjanja. Nikachukua mlango uliokuwepo, nikaugandamiza kwenye udongo laini, nikamimina uji wangu kwenye shimo lile, nikapata mlango mzuri ajabu. Ulikuwa wa kulia. Na uliokuwepo ulikuwa wa kulia. Nikajaribu tena, nikapata wa kulia mwingine. Nikamwendea Mama Tweve nikiwa na milango mitatu ya upande mmoja, nimechanganyikiwa kabisa. Akavua kiatu chake, akakiweka mezani kati ya makaratasi, akaniuliza, "Ukikigandamiza hiki kwenye udongo, lile shimo litakupa kiatu cha mguu upi?" Nilikitazama kile kiatu mpaka nikaanza kusahau mguu wangu wa kulia ni upi. Tangu siku hiyo nachora kwanza kwenye karatasi inayopitisha mwanga, halafu naigeuza karatasi. Fanyeni hivyo, na mtanipunguzia maelezo.

Sasa niwapeleke Makambako.

Nilikuwa nimeshastaafu, nalima viazi na kuwagombeza majirani, siku Twalibu aliponipigia simu. Twalibu ana malori yake Makambako, mtu mpole, wa sauti ya chini. Alisema baba yake, Mzee Shomari, alipata kiharusi na tangu hapo hajatoa neno. Anakula, anaelewa, anatikisa kichwa, lakini hasemi. Daktari aliwashauri wamwoneshe vitu alivyovizoea zamani. Na kitu alichokizoea Mzee Shomari kuliko watu ni lori lake la kwanza, lile la pua ndefu, ambalo lilishauzwa chuma chakavu miaka mingi. Twalibu akatafuta mtandaoni mpaka akapata mfano wa lori la aina ile ile, wa kuunganisha. Boksi limefika na basi kutoka Dar es Salaam. Limefika na kasoro. Angeweza kumpata wapi mtu wa kuliunganisha?

Nilimwambia namjua mmoja.

Nyumbani kwake nilipokelewa na mama yake, Bi Mwanaidi, mwanamke mnene mwenye macho makali, mzaliwa wa Korogwe, aliyekuja Makambako na mumewe wakati mji ulikuwa na mabati machache. Zamani waliishi Lyamkena, hapo hapo Makambako, kwenye nyumba ya udongo, ambayo haipo tena. Sasa wanaishi kwa Twalibu, ua wote umesakafiwa. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za baridi ya kwetu, Bi Mwanaidi alinishika mkono, akanivuta pembeni.

"Fundi, mimi sina makubwa," alisema. "Nataka nisikie sauti yake tu. Hata anigombeze. Tumegombana maisha yetu yote, wallahi, na sasa nikimpelekea chai ya baridi ananywa na kunitazama. Nyumba imekuwa kimya mpaka naiogopa."

Nilimwonea huruma, nami ni mjane, naijua nyumba hiyo.

Tukafungua boksi juu ya sinia. Chasisi ilikuwa imepinda. Hilo si tatizo. Maji ya moto yasiyochemka, unaizamisha, unaibana juu ya kioo mpaka inyooke, unaimwagia maji ya baridi hapo hapo. Magurudumu yalitimia. Taa moja ilikuwa na povu ndani, nikaitengeneza kwa tone la gundi safi. Lakini mlango wa kushoto haukuwepo. Tulitafuta kwenye sinia, kwenye kitambaa, kwenye kanga ya Bi Mwanaidi. Pale kwenye fremu palibaki alama kwamba ulikatika tangu huko ulikotoka.

"Walioniuzia waliniahidi kuleta mwingine," Twalibu alisema, "mpaka leo kimya. Lakini fundi, kwa nini usiache tu? Lori la baba halikuwa na mlango wa kushoto."

Bi Mwanaidi akamgeukia. "Twalibu, usinitie aibu mbele ya mgeni. Lori la baba yako lisiwe na mlango?"

"Mama, mimi nilikuwa napanda. Nakaa katikati, utingo kwenye ukingo, miguu inaning'inia nje. Nilikuwa naogopa hadi najikojolea."

"Ulikuwa unakuja likizo tu, umelelewa na bibi yako Korogwe. Wewe unajua nini? Mlango ulikuwepo. Wa kijani. Mimi ndiye niliyekuwa naufungua kila alfajiri."

"Ulikuwa unafungua mlango wa lori kila alfajiri?"

"Kila alfajiri. Ukiendelea kunibishia leo utalia kama ulivyokuwa unalia utotoni."

Nikauliza kama kuna picha. Ilikuwepo moja, ukutani, Mzee Shomari kijana amesimama kando ya lori, amevaa kofia ya viua, amejishika kiuno. Ilipigwa upande wa dereva. Mlango wa kulia unaonekana vizuri, unang'aa. Upande wa kushoto ulikuwa nyuma ya lori, na picha huwezi kuizungusha. Nikamwendea Mzee Shomari mwenyewe barazani, amefunikwa shuka, mkono wa kulia umelala mapajani. Nikamuuliza, "Mzee, lori lako lilikuwa na mlango wa kushoto?" Akatikisa kichwa kukubali. Nikamuuliza, "Au halikuwa nao?" Akatikisa kichwa kukubali tena, kwa upole, akanitazama kana kwamba mwenye shida ni mimi.

Hapo ndipo ninapotaka msikilize, kwa sababu ndipo fundi wa miaka yote hiyo alipopotea. Nilikuwa na watu wawili wakweli, kila mmoja ananiambia alichokiona kwa macho yake, na maneno yao hayawezi kukaa kwenye lori moja. Kwa haki ningesimama hapo. Badala yake nilifanya tunachofanya mafundi wote. Nilimwamini anayenipa vipimo. Twalibu alikuwa na neno moja tu, hakuna. Mtu atachonga nini kwenye hakuna? Lakini Bi Mwanaidi alikuwa na mlango mzima mdomoni. Wa kijani, kijani cha kukolea. Umebonyea katikati. Kona ya chini imekatwa, pembe nzima haipo. Chini kuna madoadoa meupe meupe.

"Ya chokaa?" niliuliza.

"Kama chokaa," alisema, akakunja uso akijaribu kukumbuka. "Nilikuwa nayasugua, kesho yake yapo tena."

"Na bawaba zake?"

"Raba. Vipande vya tairi, vimepigwa misumari."

"Bi Mwanaidi, misumari kwenye chuma?"

"Fundi, nakuambia nilichokuwa nakishika kwa mkono huu."

Nilirudi Njombe kichwa kinazunguka. Kwanza nilipitia wanakoegesha malori, nikawauliza madereva kama wamewahi kuona lori lenye bawaba za raba. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mzee mmoja kati yao aliniambia kwamba zamani watu waliendesha vitu vya ajabu na asingeshangaa. Nikashika hilo. Mtu akitaka kuamini hakosi wa kumsaidia.

Mlango niliukata kwenye kikopo cha mtindi, nikageuza karatasi kama nilivyofundishwa. Nikaubonyeza katikati kwa mgongo wa kijiko cha moto. Nikakata kona. Kijani nilikichanganya mara nyingi, nikimtumia Bi Mwanaidi picha kwa simu, naye akinijibu kwa sauti, "Kolezea," "Umezidisha," "Hapo." Madoa meupe niliyadondosha kwa ncha ya kijiti. Bawaba nilizikata kwenye tyubu ya baiskeli, vipande vyembamba kama uzi, na vichwa vya misumari nikavitengeneza kwa ncha za pini. Sikuwahi kutengeneza kipande kizuri kuliko kile, na wakati wote nilihisi natengeneza upuuzi. Nilimkumbuka Mama Tweve, aliyekwisha kufa kitambo, na lile swali lake la debeni. Huyu katoka wapi? Nilijijibu kwamba katoka kwenye kichwa cha Bi Mwanaidi na hilo linatosha, nikafunga boksi.

Siku nilipopeleka lori walikuwa wanakula mchana. Mzee Shomari alikuwa barazani na sahani ya wali kwenye meza ndogo mbele yake. Twalibu akasogeza sahani kidogo, nami nikaliweka lori. Bi Mwanaidi akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, ameshika ncha ya kanga.

Mzee alilitazama. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akagusa pua ya lori, akashusha vidole mpaka kwenye taa. Akasukuma gurudumu kwa kidole kimoja, likazunguka. Macho yalimjaa maji na yangu pia. Bi Mwanaidi aliinama kumtazama usoni, akangoja, mdomo wake unachezacheza pamoja na wa mumewe. Neno halikuja. Alipoona halijaja aliondoka kwenda jikoni, akisema anafuata maji ya kunywa, na jagi la maji lilikuwa pale pale mezani.

Halafu mkono wa Mzee Shomari ukafika upande wa kushoto. Akausimamisha hapo. Akapapasa mlango, akazigusa zile bawaba, akakunja uso. Kisha akaubana kwa vidole viwili na kuung'oa.

Twalibu alinitazama, mpole hata hapo. "Nilisema mimi," alinong'ona.

Nilitamani sakafu ifunguke. Kazi yangu yote imemuudhi mgonjwa. Lakini mzee hakuutupa. Aliusimamisha ule mlango kwenye ukingo wa meza, akauegemeza kwenye kopo la sukari. Akausogeza tena kidogo, mpaka ukakaa anavyotaka. Halafu akatia vidole kwenye sahani, akachota punje za wali, akazimwaga mbele ya mlango. Akachota tena, akamwaga tena. Na kooni mwake kukatoka sauti ya kukwaruza, inayokatikakatika, ku, ku, ku.

"Amepaliwa!" Twalibu aliruka, akaanza kumpiga mgongo. Mimi nikakimbilia jagi. Mzee akausukuma mkono wa mwanawe kwa hasira, akamwaga wali mwingine, na sauti ile ikatoka tena, ndefu zaidi.

Bi Mwanaidi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mwacheni," alisema. "Hajapaliwa. Anaita kuku."

Tukamtazama yeye, tukatazama mlango. Bi Mwanaidi alikaa chini pale pale kizingitini, mwili wake wote, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika na sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

"Banda la kuku," alisema. "Lyamkena. Ule ulikuwa mlango wa banda langu la kuku."

Alitueleza huku akijifuta macho. Barabara ya Mlangali ilikuwa ya udongo, mzee akienda kupakia maharage na mahindi, na mvua ikinyesha lori lilikuwa linarudi nyuma kwenye mlima. Utingo alipaswa kuruka na kabari ya mti aiweke nyuma ya tairi kabla lori halijashika kasi. Mlango ulimchelewesha. Siku moja ulimchelewesha kidogo tu na nusura wafe. Mzee aliporudi nyumbani akaung'oa, akauegemeza ukutani, akasema hauhitaji tena. Bi Mwanaidi akaona bati zuri linakaa bure na kicheche anamaliza kuku wake. Akaufunga bandani kwa vipande vya tairi na misumari kwenye mti, akakata kona ili vifaranga wapite. Akawa anaufungua kila alfajiri, miaka na miaka. Madoa meupe mnayajua wenyewe ni ya nini.

"Nilisahau," alisema. "Nilipoulizwa mlango wa lori, huo ndio ulionijia, kwa sababu ndio mlango wa lori ninaoujua. Nilisahau haukuwa kwenye lori. Mungu wangu, nimekusumbua hivi, fundi."

Twalibu alikuwa ameduwaa. Alikumbuka banda, alisema, alikumbuka hata rangi, lakini hajawahi kufikiria kwamba bati lile lilitoka mahali. Mzee Shomari alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kama vile alivyonikubalia mimi mara zote mbili, na sasa nikaelewa alikuwa ananijibu sawasawa.

Kwa hiyo lori likabaki bila mlango wa kushoto, kama lilivyofika ndani ya boksi. Yule mtu huko ng'ambo aliyefunga boksi pungufu alikuwa amefunga lori la Mzee Shomari kwa usahihi kuliko mimi. Hilo ndilo linalonichanganya mpaka leo. Sijui niwafunze nini kutokana nalo, maana siwezi kuwaambia muache vipande vikosekane. Ninyi sasa mna ile mashine inayochapa kipande tabaka kwa tabaka, mnaipa mchoro na mnakwenda kunywa chai. Sina ugomvi nayo. Ila mashine haimuulizi mtu lolote, na mimi niliyeuliza nilisikia majibu yote nikachagua moja. Pengine ningewapa muda wakae pamoja, mama na mwanawe, wagombane mpaka wachoke, wangefika wenyewe Lyamkena.

Kabla sijaondoka Bi Mwanaidi aliniomba kitu. Alitaka banda. La kipimo kile kile cha lori, liwekwe mezani karibu nalo. Hapakuwa na boksi, hapakuwa na karatasi ya michoro, hapakuwa na fremu. Nikakaa nao barazani, Bi Mwanaidi ananipa ukubwa kwa mikono, Twalibu ananichorea, na mzee akikataa kwa kichwa au kwa kidole kila tulipokosea. Kuta nilizijenga kwa mianzi ya ulanzi iliyopasuliwa nyembamba na kukandikwa udongo. Paa ni kipande cha debe. Kuku niliwachonga kwenye gome la msindano, linakatika vizuri na rangi yake imeshafanana. Nikaufunga ule mlango wa kijani, na bawaba za raba safari hii nilizipiga nikiwa najua ninachokifanya.

Nilipolipeleka, mzee alikuwa amekaa pale pale. Bi Mwanaidi alikuwa ameshika kikombe cha chai anampelekea. Nikaliweka banda kando ya lori. Mzee Shomari akaufungua mlango kwa kidole, akaufunga, akaufungua. Akawatazama kuku wangu mmoja mmoja. Akainama kuchungulia ndani ya banda, akachungulia na nyuma yake. Akainua uso, na uso ule ulikuwa umekasirika.

"Jogoo," alisema. Ulimi ulikuwa mzito, akapumzika, akaukusanya tena. "Jogoo yuko wapi?"

Kikombe kiligonga meza, chai ikamrukia mzee mkononi. Bi Mwanaidi hakuifuta. Nimeishi maisha yangu yote nikiambiwa kuna kipande kinakosekana, na kila mara nilikasirika.

"Kesho nakuletea, mzee," nilimwambia.

"Na hii chai," alisema Mzee Shomari, akimgeukia mkewe, "ya baridi."